Gia Kumi, Pengo Moja

Mucheke mukimaliza, mi sitaomba samahani. Katika atelie yetu ya Zone Industrielle, mi ndiye ninayeendesha mashine inayokata chuma kwa maji, na chuma nikishakikata hakihitaji tupa.

Mama Odette, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni, aliniletea gia moja kuukuu. Kwetu mteja haleti mchoro. Analeta kipande cha zamani kiwe modeli. "Fundi, unitengenezee kumi kama hii," akasema, akaenda zake.

Gia ilikosa jino moja. Nililiona pengo, mi si kipofu. Désiré, mchomeleaji wetu, akaniambia, "Pigia mama simu, umuulize." Mi? Mutu wa mashine ya kompyuta nianze kuulizia jino? Nikamjibu, "We choma vyuma vyako. Hilo pengo waliliweka walioiunda, wanajua sababu." Nikapima kila kitu, hata pengo, nikakata.

Mama aliporudi, nilizipanga gia zote kumi juu ya ile kuukuu, mbele ya atelie nzima, aone usahihi wa kazi. "Tazama, mama! Hata unywele haupiti!"

Mama Odette akaingiza kidole katika pengo la gia ya juu, akakiteremsha taratibu, bila kukwama popote, mpaka chini kabisa.

"Fundi," akasema, "hii ya zamani nilikuletea sababu ilivunjika jino."

"Kweli, mama," nikajibu, kichwa juu. "Lakini pima: zote zimevunjika sawasawa."