Jaketi la Baba Mukai

Mtu akitaka jaketi la kuzuia baridi kweli hapa Tala, si yale mepesi ya dukani yanayofumuka begani ukinyoosha mkono kusalimia, huelekezwa kwa Aloys. Anauza mtumba, lakini mtumba wa kuchagua: majaketi mazito ya watu wa nchi za baridi, walioyanunua ili wapande milima, wakapanda mara moja, wakachoka, wakayatoa. Mengine bado yananukia upya. Belo likifunguliwa, yeye huwa wa kwanza kuinama. Anachukua kamera, yaani yale bora kabisa, na mabaki ya chini anawaachia wengine wagombanie. Mimi nauza mashuka na mapazia kando ya turubai lake, na nimemvumilia tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Ana tabia moja ambayo soko zima linaijua. Jaketi likikosa kishikio cha zipu, na mengi hukosa, hufunga kipande cha kamba nyekundu ya kiatu. Nyekundu tu. Nilimwuliza kwa nini asitafute rangi inayofanana na nguo, akanijibu kwamba anayeficha kazi yake anajua amefanya vibaya. Basi asubuhi za Julai, ukungu ukiwa bado chini, utaona watu wa bodaboda, masoja wanaotoka zamu na akina mama wa maziwa wakipita na kamba nyekundu chini ya kidevu, kila mmoja mteja wake.

Mkewe alifariki binti yao Mukai akiwa hajaota meno. Mtoto huyo alilelewa juu ya turubai. Alilala katikati ya rundo la majaketi, mimi nikimpa uji, babake akiita wateja kwa sauti ya chini ili asimwamshe. Alipoanza shule, wenzake walimwita Mukai wa Mitumba. Alirudi siku moja analia, Aloys akacheka, akamwambia kwamba mitumba hiyo ndiyo iliyonunua sare aliyovaa. Alidhani amemtuliza. Mimi nilimwona mtoto akijifuta machozi na kunyamaza, na tangu siku hiyo hakupita tena njia ya soko akiwa na wenzake.

Alikua, akapata kazi kwenye duka la dawa za mifugo upande wa Masinga, akapendana na Musili, mkulima wa ndengu kutoka Kivaa. Wakakubaliana kuleta ntheo. Hao ni mbuzi ambao kwetu Wakamba ndio ndoa yenyewe. Kama hawajapokelewa, hata mkae mpaka mzeeke pamoja, yule si mkeo, akiwa hai wala akiwa maiti.

Siku chache kabla ya ntheo, kijana mmoja mrefu mwenye haya alisimama mbele ya turubai la Aloys. Hakuna aliyemjua.

"Mzee, nataka jaketi mzuri," alisema. "Ni ya baba mkwe. Tunapeleka ntheo."

"Ni mtu mnono ama mwembamba?"

"Sijawahi muona. Nimeambiwa tu ni mtu wa heshima, ako na duka ya nguo."

"Mtu wa duka hudanganyi na nguo," Aloys alisema. Akainama, akatoa chini ya rundo jaketi la kijani kibichi alilokuwa amelificha karibu mwezi mzima, manyoya ndani, kofia nyuma. "Tuseme ni mwili kama wangu." Akalivaa mwenyewe, akageuka huku na huku kama bwana harusi. "Hii mkwe wako akivaa haitatoka kwa mwili. Utaniambia."

Akampunguzia bei bila kuombwa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kijana alipoondoka akaniambia, "Mama Levi, kijana kama huyo hata mimi ningempea msichana."

Siku ya ntheo ilifika. Nusu ya tulioketi uani kwa Aloys tulikuwa watu wa soko. Musili, kumbe ndiye yule mteja mrefu, alipoingia na wazee wake akamwona mwenye nyumba, nilimwona akisimama kana kwamba amekanyaga mwiba. Lakini kijana hasemi mbele ya wazee. Msemaji alikuwa baba yake mdogo, Jeremiah, na msemaji wa ntheo hatumwi kusema ukweli, anatumwa kupamba. Alisifu mbuzi, akasifu ukoo, kisha akatoa jaketi na kuliinua juu.

"Baba Mukai, hii hatukuokota," alisema. "Imetoka duka kubwa Nairobi. Ni mpya, hakuna mwili imewahi guza."

Musili alimvuta mkono wa shati. Jeremiah akauondoa mkono huo bila kumtazama, akaendelea kusifu. Na chini ya kola, kamba nyekundu ilikuwa ikining'inia.

Tulicheka. Hatukucheka kwa ubaya. Mambo yenyewe yalichekesha. Hata Aloys alianza kucheka, nakumbuka vizuri. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni, akamgeukia binti yake.

"Mukai, uliwaambia mimi nafanya kazi gani?"

"Duka ya nguo, baba."

"Iko wapi hiyo duka?"

Mukai aliinamisha kichwa. Uso wa babake ukafungika. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Rudisheni mbuzi," akaingia ndani, na sisi tukabaki tumeshika sahani tupu.

Mukai alimfuata Musili Kivaa jioni hiyo hiyo. Watu walisema mzee amekataa jaketi la mtumba. Wajinga. Mtu aliyemlea mtoto kwa mtumba angeukataaje? Kilichomuuma ni kwamba mtoto aliyelala juu ya turubai lake alilionea haya. Nami namwelewa Mukai pia. Jina alilopewa shuleni lilimwingia akiwa mdogo sana, na hakuna aliyelitoa.

Hasira hasara, nilimwambia Aloys, tena si mara moja. Nilimwambia aite watoto. Akanijibu, "Mwenye duka ndiye baba yake. Wamtafute." Alikuwa akisubiri kuombwa msamaha, na wale wa Kivaa walikuwa wakisubiri kuitwa. Baba na binti walikuwa na kiburi kimoja. Angalau hicho Mukai alikirithi bila aibu.

Mwaka uliofuata, baridi ilipoanza, Mukai alinipigia simu. "Mama Levi, baba anavaa nini siku hizi?"

"Anavaa lile sweta lake la viraka. Unamjua."

"Jaketi yake bado iko. Musili hataki mtu aguze, anasema ina mwenyewe."

"Basi ilete, mwanangu. Uje nayo wewe."

"Nitakuja tukiuza ndengu."

Ndengu hazikuwahi. Kabla hazijavunwa Mukai alishikwa na malaria, ikapanda kichwani, na alipofikishwa hospitali ilikuwa imechelewa. Mimi ndiye niliyepigiwa, na mimi ndiye niliyevuka kutoka mashuka yangu hadi turubai la Aloys kumwambia. Alikuwa akifunga kamba kwenye zipu. Aliimaliza, akaifungua, akaifunga tena, akaifungua. Nilimshika mikono ndipo akaacha.

Ukoo ulikuwa na haki yake. Mbuzi hawakupokelewa, kwa hiyo Mukai hakuwa mke wa mtu, na alipaswa kurudi kuzikwa kwa babake. Wathome, nduguye Aloys, alikuwa tayari amechagua mahali nyuma ya nyumba, na jembe liliegemezwa ukutani. Ndipo watu wa Kivaa wakaingia wakivuta mbuzi, Musili nyuma yao, amekonda hata nisimtambue mara moja.

"Wamechelewa," Wathome alisema. "Msichana atalala kwao."

Aloys alikuwa ameketi kwenye kigoda. Hakuwatazama mbuzi.

"Jaketi mlikuja nayo?" aliuliza.

Musili alilitoa kwenye mfuko wa nailoni. Jeremiah alilipokea kwa mikono miwili. Safari hii hakuliinua.

"Baba Mukai," alisema, "siku ile nilisema uongo. Hii ni mtumba. Kijana aliinunua kwako, maanake aliambiwa Tala yote hakuna mzuri kushinda yako."

Aloys alilichukua, akalileta puani.

"Imefuliwa. Nani alifua?"

"Ni Mukai," Musili alisema. "Kila mvua ikiisha. Alisema siku moja utaiitisha, na ukiitisha ipatikane safi."

Aloys alilikunjua jaketi magotini. Kisha akasimama, akaingiza mkono mmoja, halafu wa pili, akavuta zipu kwa kamba nyekundu mpaka shingoni. "Wathome," alisema, "funga mbuzi. Mtoto atazikwa kwa bwanake."

Tulimzika Kivaa, jua likiwa utosini. Kule joto hupasua ardhi, na jaketi lile lilishonwa kwa ajili ya theluji. Jasho lilimtiririka Aloys mpaka kwenye viatu. Nilimnong'oneza alivue kabla hajaanguka.

"Wacha, Mama Levi. Nilimwambia huyu kijana haitatoka kwa mwili."

Akalia mbele ya wakwe zake, mtu mzima, kamasi na jasho, na mimi nikalia naye, kwa sababu uji wa yule mtoto niliukoroga mimi.

Sasa ni Julai tena. Aloys yuko kwenye turubai lake, na wateja humshika mkono wa jaketi wakitaka kujua bei. Juzi kijana wa bodaboda alimwambia, "Mzee, niuzie hiyo umevaa."

"Hii si ya kuuza," Aloys alimjibu. "Nililetewa na msichana wangu na bwanake. Imetoka duka kubwa Nairobi."

Kijana alitazama kamba nyekundu, akatutazama sisi majirani, akingoja tucheke. Nami nikamwambia ni kweli, ilitoka duka kubwa, na tulikuwepo ikiletwa.