Taa Zilizomkodolea Macho Mama Mkwe

Kwa miaka sita niliishi chini ya taa nane za sebuleni bila kujua ndani yake kukoje. Nilikuja kujua nilipolala sakafuni.

Mume wangu alifariki wakati wa mvua. Makochi, meza na kabati la vyombo vilitolewa nje, magodoro yakatandikwa, na sebule yetu ya hapa Kawajense ikajaa wanawake. Baada ya mazishi watu walipungua siku hadi siku, mpaka tukabaki wawili: mimi na mama yake, aliyekuja kutoka Magamba na begi moja la nguo. Mama mkwe alisema hatapanda kitandani mpaka siku ya kuganduka. Kwetu sisi ambao wazazi wetu walitoka Burundi, hiyo ndiyo siku ya kuondoa msiba, watu wakarudi kwenye maisha yao. Tulikuwa tumeipanga baada ya mavuno. Kwa hiyo godoro lake lilibaki katikati ya sebule, na mimi nikaacha langu kando yake.

Hatukuwa tunaongea sana. Tulichambua maharage, tulikunywa chai, tulinyamaza. Watu wengine wakija walinitaka niseme kitu, au nilie, au niache kulia. Yeye hakunitaka chochote.

Shida ilikuwa jioni. Kila nikiwasha taa, alijifunika khanga usoni.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Kichwa hakina neno. Hizo taa zako ndizo zinanikodolea macho."

"Nizime?"

"Ukizima nitakaa gizani nimekosa nini?"

Nilimgeuzia godoro upande wa dirisha, nikamgeuzia upande wa mlango. Taa ni nane, hakuna pa kuzikimbia. Niliziondoa balbu nne, akasema zilizobaki sasa zinamtazama kwa zamu, nikazirudisha. Nikadhani ni huzuni, maana huzuni humfanya mtu achukie hata sahani. Sikulifuatilia. Kusema kweli, miezi ile sikuwa nafuatilia kitu chochote.

Ndipo asubuhi moja aliponiambia, bila hasira, kwamba anafikiria kwenda kumalizia msiba kwa mdogo wa marehemu, kulekule Magamba.

"Kule kuna balbu moja tu, inaning'inia kwenye waya wake. Haina makuu."

Nilisema, "Sawa, mama," kisha nikaenda jikoni nikashika sufuria ambayo sikuwa na kazi nayo. Sitaki kujipamba hapa. Sikutaka abaki kwa sababu namwonea huruma. Nilitaka abaki kwa sababu akiondoka ningelala peke yangu katika sebule tupu mpaka mavuno, na nilijua siwezi.

Mchana huo alipokwenda kuoga nilifunga mapazia, nikawasha taa, nikalala mahali pake, chali, kichwa kwenye mto wake.

Nilishtuka. Taa zile zimezama darini, kila moja ndani ya kikombe cha bati kinachong'aa. Nikisimama niliona mwanga laini tu unashuka. Nikilala, nilikuwa nachungulia moja kwa moja ndani ya kikombe, na mle ndani balbu moja ilikuwa imejizidisha ikawa pete nzima ya moto. Mara nane. Nilifumba macho na pete zikabaki zinaelea ndani ya kope. Nikasimama: hakuna kitu. Nikalala tena: zile pale. Nilifanya hivyo mara nne au tano, kama mtu aliyepotewa na akili, na katikati ya kuinuka na kulala nikatambua kwamba najiuliza swali. Lilikuwa swali langu la kwanza tangu mazishi ambalo halikumhusu Mungu.

Mama mkwe alinikuta sakafuni.

"Mukazana wangu, unaumwa?" Mukazana ni mke wa mwana, kwa lugha ya nyumbani.

"Siumwi, mama. Naona unachokiona."

"Umechelewa."

Nilifungua mapazia, nikaleta kijiko kutoka jikoni, nikakigeuzia dirishani. Dirisha zima lilionekana ndani yake, dogo na kali. Nikakipaka uji uliobaki asubuhi. Dirisha likatoweka. Kijiko ni kilekile na mwanga ni uleule, ila sasa hakirudishi kitu. Nilimwonyesha.

"Kwa hiyo utazipaka uji?" akauliza.

"Nitazipaka rangi. Nyeusi."

Alikitazama kijiko. "Mwanangu ndiye aliyezichagua?"

"Ndiyo. Alipenda zinavyong'aa."

"Hakuwahi kulala hapa chini," akasema, akajifunika khanga.

Sasa nieleze kosa langu. Stoo kulikuwa na nusu kopo la rangi nyeusi ya mafuta. Ilibaki tulipopaka msalaba wa kaburi la mume wangu. Niliona rangi ni rangi. Nilizima swichi ya ukutani, nikapanda stuli, nikaingiza brashi ndani ya kikombe cha kwanza, balbu ikiwa palepale. Rangi ilinichuruzikia mpaka kwenye kiwiko, na nyingine ikapanda kwenye holda ya balbu. Niliona kabisa ikipanda. Niliiacha. Jioni, kabla haijakauka vizuri, nikawasha nione.

Kwanza nilikata tamaa, kwa sababu rangi ile nayo inang'aa, na ndani ya weusi nukta ya moto bado ilionekana. Kisha kikaanza kutoka kimoshi chembamba. Kisha harufu.

Mama mkwe aliinuka akaketi. "Nini hiyo?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, kwamba ni jirani anachoma plastiki. Nililishikilia kidogo, kisha nikazima taa na kumwambia ukweli.

"Umechukua rangi ya msalaba wa mwanangu," alisema taratibu, "ukaichoma sebuleni?"

Asubuhi alifungasha begi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema Jumatatu atatafuta bodaboda impeleke Magamba. Ilikuwa Alhamisi. Nikamwomba anipe mpaka hiyo Jumatatu, na akasema Jumatatu itafika yenyewe, haihitaji kuombwa.

Nilikwenda mjini kwenye duka la hadiwea ambako mume wangu alizoea kununua vitu vyake. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu, mpole, ana miwani ambayo huivaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni.

"Karibu, mama. Pole sana na msiba. Tukusaidie nini?"

"Nataka rangi ya kupaka ndani ya taa."

"Ndani ya taa au pembeni ya taa?"

"Ndani, mzee wangu. Kwenye kikombe."

Alishusha miwani. "Hizo balbu zinachoma au hazichomi?"

"Ukigusa unaachia."

"Na umeshajaribu?"

"Moja. Kwa rangi ya mafuta. Ilitoa moshi."

Mwanaume mmoja aliyekuwa anasubiri misumari akacheka. "Mama anakaanga rangi!"

"Wewe subiri misumari yako," mwenye duka akamwambia. "Mwenzako kauliza. Nyie wengine huwa mnakuja kuuliza nyumba ikishaungua."

Alileta kopo la kupuliza. "Hii vijana wanapulizia ekzosi za pikipiki. Ekzosi ina moto kuliko taa yako, na rangi haibanduki. Nakupa isiyong'aa, maana umesema shida ni mng'ao. Lakini usipulizie darini. Vikombe vishushwe, vipelekwe nje. Na balbu zenyewe badilisha, weka za LED zisizo na joto kali. Na hiyo uliyoipaka, usiwashe tena mpaka fundi umeme aione."

Nilimuuliza kwa nini rangi ya mafuta inatoa moshi na hii haitoi. Alisema yeye anauza tu, lakini nadhani alifurahi kuulizwa, kwa sababu alinielezea kwa muda mrefu jinsi rangi ya kawaida inavyolainika na kuungua kwenye joto, na hii inavyozidi kukomaa. Mwenye misumari aliacha kucheka akawa anasikiliza.

Fundi umeme alikuja Ijumaa. Mtu mzima, ana sauti kubwa.

"Nani alipaka hapa?"

"Mimi."

"Ulizima wapi?"

"Pale ukutani."

"Ukutani!" Alishuka kwenye ngazi ili anikaripie vizuri. Akanieleza kwamba swichi ya ukutani inaweza kuwa imefungwa kwenye waya usio wake, taa ikazimika na umeme ukabaki pale juu unakungoja na brashi yako mbichi. Akanipeleka mpaka kwenye swichi kubwa karibu na mita, akanifanya niizime kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha alipima kila holda kwa testa kabla ya kugusa. Ile niliyoichafua akaitupa, akafunga nyingine. "Rangi ikiingia hapa, balbu haikamati vizuri, panapata moto polepole. Hutaona kitu mpaka siku utakapoona."

Mama mkwe alikuwa kwenye godoro lake, kajifunika. Nilijua anasikiliza kwa sababu khanga haikutikisika.

Kila kikombe kilishikiliwa na springi mbili, kali kama mtego wa panya. Fundi alinionyesha kuzibana kwa vidole na kukishusha pole pole bila kuvunja jipsamu ya dari. Kilichonishangaza ni vilivyokuwemo. Vikombe viwili vilijaa mabawa makavu ya kumbikumbi, mengi sana, mepesi, hayana kumbikumbi. Kumbe kila msimu wa mvua walikuwa wanaufuata mwanga wanaishia mle, na sisi chini tunakula ugali. Nilimulika tochi kwenye tundu nione huko darini kukoje: mbao, vumbi, na joto linaloshuka usoni kama pumzi ya jiko. Fundi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia sitafuti, naangalia tu.

Jumamosi nilitandika kiroba cha mahindi uani. Nilivisafisha vikombe kwa maji ya sabuni, nikavikausha, nikavipiga msasa ule laini ili rangi ishike. Kile cha rangi ya msalaba kilinichukua nusu ya asubuhi kukikwangua. Yale matundu ya nyuma, ambayo fundi alisema ndiyo ya kutolea joto, niliyabandika tepu ya karatasi rangi isiyazibe. Nikajifunga kitambaa puani, nikasimama upande upepo unakotoka, nikaanza kupuliza.

"Mbona unanyunyiza kama manukato?"

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Kwa wiki nyingi alitoka nje kwenda bafuni tu.

"Fundi kasema kidogo kidogo, mama. Nikipiga nyingi itachuruzika."

"Halafu?"

"Nasubiri ikauke, napiga tena. Mara tatu."

"Hao kuku wako wanalijua hilo?"

Sikuwa nimewafikiria kuku. Jogoo alishafika ukingoni mwa kiroba, ananyoosha shingo. Mama mkwe alitoa stuli nje, akaokota fimbo, akaketi. Alikaa pale mpaka alasiri. Kila kuku aliyesogea alipata jina lake: mwizi, fisadi, mtoto wa mwizi. Mimi nikipuliza, yeye anauliza. Kwa nini nyeusi na si ya kijivu? Kwa nini ikilowa inang'aa na ikikauka inafifia? Mwanga unakwenda wapi sasa, unamezwa? Hilo la mwisho sikujua kulijibu, na mpaka leo sijui vizuri. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nilimwambia sijui. Akasema labda unachoka.

Tuliviacha vilale usiku kucha stoo. Jumapili, baada ya ibada, fundi alikuja kurudisha vikombe na kufunga balbu mpya. Niliitoa tepu kwenye matundu mbele yake, akahesabu mwenyewe. Alituambia tuwashe kwanza madirisha yakiwa wazi, kwa sababu rangi mpya inaweza kunuka kidogo ikikutana na joto. Ilinuka kidogo, ikaisha. Haikuwa harufu ya msalaba. Akaenda zake.

Nilifunga mapazia. Mama mkwe alivua ndala, akajilaza chali kwenye godoro lake, mikono tumboni. Nililala kwenye langu. Juu kulikuwa na maduara manane meusi, na mwanga unashuka kutoka ndani yake bila kuonekana umetoka wapi. Macho yangu yalitulia. Nilimtazama kwa pembeni. Khanga ilikuwa kiunoni.

Aliendelea kutazama juu, duara moja baada ya jingine.

"Mama," nikasema, "kesho ni Jumatatu."

"Najua siku."

"Utakwenda?"

Aliinua kidole akaelekeza darini. "Nitakwendaje na ile ya mlangoni imekaa upande? Niende Magamba nikawe naiwaza hiyo?"

Nilitazama. Kweli, ilikuwa imekaa upande, kidogo sana. Nikainuka haraka kuvuta ngazi.

"Zima kwanza kule kwenye mita," akasema. "Na uache ipoe. Nyie watu mnafundishwa Ijumaa, Jumapili mmesahau."

Nikazima, nikafungua mapazia, nikangoja. Kisha nikapanda, nikashika kikombe kwa vidole viwili.

"Hivi?"

"Kushoto."

Nikazungusha.

"Hapana, kushoto kwangu mimi niliyelala."