Kile, Yule

Nafundisha Kiswahili sekondari, Ilomba, na kosa linalonikera kuliko yote ni la ngeli. Mwanafunzi akiniandikia "kitabu yangu", kalamu nyekundu inatoka yenyewe. Mume wangu husema hata usingizini nasahihisha.

Tulikaa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Tuliposikia kwamba huduma ya kurutubisha mayai nje ya mwili sasa inapatikana Dar es Salaam, hatukuulizana mara mbili. Baada ya mayai yangu kutolewa tulirudi hadi Kalenga, kwa mama mkwe, nipumzike kabla ya kumalizia safari ya Mbeya. Hapo ndipo daktari alipotupigia simu.

Tumepata viinitete viwili, alisema, na wataalamu wamevipa madaraja. Kimoja kizuri sana, kingine hafifu. Alishauri tuanze na kile kizuri, kile kingine kigandishwe. Tukitaka, vinaweza kupelekwa nje ya nchi vikapimwe zaidi, hata jinsia tuijue. "Hapana," mume wangu akasema kabla daktari hajamaliza. Mimi nilitaka kila kipimo kilichopo duniani, na tulinuniana siku mbili nzima. Mwishowe tulikubaliana kwamba daraja linatosha. Sikuona tatizo. Mwalimu akishapewa maksi anajua la kufanya.

Mama mkwe alikuwa anapukuchua mahindi, masikio yote kwetu.

"Na yule mwingine?" akauliza. "Yule dhaifu wanampeleka wapi?"

"Kinawekwa kwenye barafu, mama," nikasema. "Na siyo yule. Ni kile. Kiinitete kile."

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. "Kifaranga unasemaje, mwalimu?"

"Kifaranga yule."

"Akiwa bado ndani ya yai?"

Sarufi ninayoifundisha haina jibu la swali hilo. Mume wangu alitoka nje akachekee huko.

Tulirudi Dar es Salaam kupandikizwa, na kile kizuri kilishika. Binti yetu sasa ana miaka minne, na nina furaha naye mpaka naona haya mbele ya wanaotafuta bado. Daraja lake halionekani popote. Anavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, anasema "kitabu yangu", na sijawahi kumsahihisha. Jumamosi nampeleka Mwanjelwa, ambako baba yake anatengeneza mashine za kusaga, na anarudi mweupe kwa unga kuanzia nywele. Namwogesha huku anaimba. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuridhika kiasi hiki kwa ndoo moja ya maji ya moto.

Kila mwaka kliniki hututumia ujumbe: kiinitete kilichobaki kiendelee kutunzwa, au kiharibiwe? Na kila tukipiga simu Kalenga, mama mkwe huuliza, "Yule wa barafu hajambo?" Nilikuwa nakasirika. Nilijiambia mtu mzima anapaswa kuona tofauti kati ya mtoto na seli chache ndani ya kichupa. Bado naamini tofauti ipo, na mwanamke atakayesema basi, imetosha, sitamnyooshea kidole.

Ujumbe wa mwaka jana ulinikuta ofisi ya walimu, na rundo la insha mbele yangu. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na daktari alishatuambia tuamue. Mume wangu aliniachia mimi. Mwili ni wako, alisema. Uamuzi nilikuwa nao tayari: hafifu ni hafifu. Nikaandika jibu, na kabla ya kulituma nikalisoma, kama kawaida yangu. Nilikuwa nimeandika, "Tumeamua aharibiwe."

Kosa lilikuwa la silabi moja tu. Kufuta "a", kuweka "ki", basi. Nimewarekebishia wanafunzi kosa kama hilo mara zisizo na idadi. Siku hiyo kidole kilikataa. Mwenzangu wa meza ya pili aliniuliza kama ninaumwa. Nikafuta sentensi yote, nikaandika, "Tunakuja."

Daktari hakutuficha kwamba nafasi ni ndogo. Alinipandikizia, tukarudi Mbeya kungoja, na kipimo kikasema hapana. Nililia jikoni, kilio ambacho sikukitegemea, huku maharage yakiungua. Binti yangu akaja akanishika kanga.

"Mama, unalia nini?"

"Kuna mtu nilikuwa namsubiri. Haji tena."

Akafikiri kidogo. "Alikuwa mzuri?"

"Mzuri sana," nikasema.

Akaridhika, akaenda kumwambia baba yake.