Kondoo wa Mng'oa Meno

Nakumbuka siku moja nilirudi kijijini kwetu Dirma kutoka mnadani nimeshika shavu kwa mikono yote miwili, shuka nililojitanda limelowa damu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini. Mkoa wetu ulikuwa haujagawanywa, bado ni Arusha, na serikali ilikuwa imeanza kuruhusu watu binafsi kufungua zahanati. Mgeni mmoja alifungua ya meno pale mnadani, nami nikaenda kung'olewa gego bovu.

Mwanangu, unajua meno yetu yalivyo ya kahawia tangu utotoni, kwa ajili ya maji ya huku. Yule bwana akaona kinywa changu chote kimeoza! Hakuuliza, hakugongagonga. Alichoma ganzi, akang'oa gego lililo zima, akavunjia mzizi ndani, na lile bovu akaliacha linaniuma vilevile.

Taya likavimba, likatoa usaha. Nililia mpaka nikachoka. Shangazi yangu, dada yake baba, akanipeleka hospitali ya wilaya. Daktari akasema mfupa umeanza kuharibika, lazima nipasuliwe hospitali kubwa, la sivyo nitapoteza taya. Akaandika maelezo yote na kugonga mhuri. Sisi tungepata wapi gharama hiyo? Shangazi akanisaidia kufungua madai mahakamani, kwamba aliyeniharibu kwa uzembe alipie matibabu yangu na anifidie.

Yule bwana naye hakuwa mjinga. Alituma mzee mmoja wa kwetu, mtu wa heshima, na kondoo dume na kibuyu cha pombe ya asali. Kwetu, ukishakunywa pombe ya aliyekukosea, kosa limekwisha. Humdai tena, wala hulitaji tena.

Baba alifurahi, maana kesi ilimtia aibu. Na mimi, sikufichi, nilijisikia mtu mkubwa kweli! Nani aliwahi kumletea binti kondoo? Nikapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Weka chini!" Shangazi alifoka mpaka mbuzi wakashtuka. Kisha akamgeukia mgeni kwa adabu. "Shikamoo mzee. Hatukukatai wewe. Lakini huyu mtoto akinywa leo, kesho nani atampasua taya? Kondoo?"

Mzee akakohoa, akacheka kidogo. "Marahaba, mwanangu. Hilo sikuambiwa."

Niliweka kikombe chini, nimenuna kama mtoto mdogo. Siku mbili nzima sikumsemesha shangazi. Ujinga mtupu!

Mahakamani yule bwana akadai tulishapatana kimila. Hakimu akamwita yule mzee, naye hakupindisha neno: "Kondoo nilimrudisha mwenyewe kwa kamba, na pombe haikuguswa." Maelezo ya daktari yakasomwa. Yule bwana akashindwa, akaamriwa agharamie upasuaji na kunilipa fidia. Ee, mwanangu, siwezi kukueleza nilivyoshusha pumzi! Nilimkumbatia shangazi palepale kwenye korido, yeye ananisukuma, "Niache, utanivunja mbavu." Nilipasuliwa, nikapona. Baadaye, alipokwisha kulipa yote, baba mwenyewe alimpelekea yule bwana pombe ya asali ya kupatana, wakanywa wote, na mimi nikanywa. Safari hii ilikuwa tamu kweli.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kusamehe, samehe tu, ni jambo jema. Ila ukiumizwa na mtu aliyepewa kazi ya kukutibu, kwanza tibiwa. Omba maandishi, yatunze mahali pakavu. Peleka shauri lako mbele bila kuona haya, hata ndugu wakikuambia unaleta fujo. Usikubali heshima ya siku moja ikufunge mdomo huku kidonda kinaendelea kuoza.

Mungu akupe meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma mpaka uzeeni. Na siku utakayopokea kikombe kisichokufaa, akupe shangazi mkali wa kukufokea.