Lulu Zenye Harufu ya Bahari

Jirani yangu wa mlango wa pili huuza lulu mtandaoni, kwenye duka lisilo na jina lake wala sura yake, na kwake kila lulu ni ya baharini, hata ile iliyofugwa kwenye bwawa la maji baridi. Huzipanga dirishani juu ya kitambaa cheusi na kuzipiga picha huku akizibembeleza: "Geuka kidogo, mama, wakuone." Vidole vyake ni vinene, lakini fundo analofungia vifuko ni dogo kama punje ya ufuta. Vifuko vyenyewe huviloweka kwanza kwenye maji ya chumvi ya jikoni, kisha huvianika kwenye kamba yetu ya nguo. "Mteja akifungua," aliniambia, "lazima asikie bahari." Akiongea na wateja kwenye simu, viapo vyake hupenya ukuta hadi kwangu.

Juzi tulikuwa tunakunywa chai kwake, mama mkwe wake akaingia na kifuko mkononi, uso umemchanua.

"Kila siku unawapamba wengine, mwanangu, shingo yako tupu. Nimekuagizia mtandaoni. Za baharini hizo!"

Jirani akalitazama fundo. Mimi nikakitazama kikombe changu.

"Hebu nusa," mama mkwe akahimiza. "Nilidhani wamenipiga, mpaka niliponusa."

Akanusa. Akanusa tena, taratibu, kama anayetafuta pa kujificha humo ndani.

"Bahari, mama," akasema, kwa sauti isiyoweza kuvuka hata meza, sembuse ukuta.