Kubofya Mara Mbili

Kiharusi kilimchukua mke wangu mkono wa kulia, na mguu kidogo. Mdomo kilimwachia, nashukuru, maana bila mdomo ule nisingejua kama niko nyumbani. Alikuwa na duka lake la stesheneri hapa Kilosa, jirani na stesheni ya reli: kompyuta moja, printa, skana na benchi la wateja. Alichapa mitihani ya shule za Mvumi, barua za maombi ya kazi, na ratiba za maziko za kanisa letu. Kazi hiyo alikuwa nayo tangu kabla sijamuoa.

Alirudi dukani hata daktari hajamruhusu. Shida ikawa mausi. Mkono wa kushoto haukuweza kubofya mara mbili kwa haraka inayotakiwa. Akifika mara ya pili, kompyuta imeshasahau ya kwanza. Nikanyoosha mkono nikamfungulia programu. Alinitazama mpaka nikaona aibu.

"Mzee, nikishindwa kufungua kazi yangu mwenyewe, basi nipeleke nikalale."

Wateja wakainamisha vichwa. Nilikasirika, si kwake, bali kwa kile kidubwasha cha plastiki.

Wakati huo nilikuwa mapokezi kwenye gesti moja Mikumi, nikirudi nyumbani mwisho wa wiki. Kompyuta ya gesti ilikuwa na faili dogo la maandishi ambalo asubuhi lilifungua programu zote za kazi, moja baada ya nyingine. Nililichungulia ndani. Hapakuwa na uchawi wowote: kila mstari uliita programu moja, basi. Nikaandika la mke wangu, mstari wa kuchapia, wa skana na wa picha za paspoti. Mara ya kwanza kompyuta yake kuukuu ilikwama, programu zote zikigombania mlango. Nikaongeza mistari ya kusubiri katikati, kisha nikaliunganisha faili na kitufe kimoja cha juu kwenye kibodi.

Jumamosi alikibonyeza kwa kidole cha kushoto. Zikafunguka. Hakusema asante. Alisema, "Haya, nani wa kwanza?" Nilienda nyuma ya duka nikalia, mtu mzima na mvi zangu.

Alichapa hivyo msimu mzima wa mahindi, polepole, na wateja wakamvumilia. Halafu macho yakaanza kumsumbua. Akaniambia nifute mstari wa picha, maana alikuwa anakata watu masikio. Alisema huku anacheka. Mimi nilifuta na moyo ukaniuma. Baadaye akanifutisha na wa skana. Ukabaki wa kuchapia peke yake, na huo hakutaka kabisa niuguse.

Kiharusi cha pili hakikubisha hodi. Alifariki kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali.

Mchungaji akauliza ratiba ya maziko itachapwa wapi. Jirani akasema kuna mtu Dumila anachapa vizuri. Nikafoka mbele ya waombolezaji, nikasema itachapwa kwenye meza ya mke wangu. Nikafungua duka, nikakaa kwenye kiti chake, nikabonyeza kile kitufe. Ukurasa mweupe ukaja bila shida yoyote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muda wote ule mimi nilijua kufungua tu. Nilianza na jina lake, kwa kidole kimoja, nikitafuta herufi moja moja.

Kanisani, kwaya ilisimama ikaimba wimbo wa kuaga kabla hata Neno la Mungu halijasomwa, kwa sababu ndivyo nilivyopanga. Hakuna aliyelalamika. Watu wote waliifuata karatasi yangu na makosa yake, kwa heshima. Nikageuka kushoto, upande aliokaa siku zote, nimsikie akininong'oneza kwamba nimeharibu. Watu walikuwa wamepaacha wazi.