Kofi la Oveni

Mama alikuwa mpishi wa hospitali ya misheni huku kwetu Tarime, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Ukifungua oveni kabla mkate haujaiva, unachapwa kofi katikati ya kiganja, basi, hakuna maelezo. Alipofariki, mimi na dada tukarithi kazi yake, na ile oveni ya umeme iliyojengewa ukutani.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, ingawa kazi ya hospitali tuliendelea nayo. Kaburi la mama likabaki kwenye mahame, na kurudi huko kulikatazwa. Dada alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Alitaka kwenda kummwagia mama uji wa wimbi pale kaburini, kama ilivyo desturi yetu, amwombee huyu abaki. Akazuiwa.

Ndipo oveni ikafa. Fundi akaja na mpya kutoka Musoma, mtu wa maringo, mabuti hadi kwenye muundi. Ukutani zilitoka nyaya tatu, akaunga mbili. Nikamuuliza, na huo wa kijani?

"Huo ni wa ethi, wa kwenda ardhini, bibie. Umeoza, na wala si lazima. Oveni si inapika?"

Ilipika kweli. Akaishika kwa mikono miwili, akacheka, akaenda zake.

Sisi tuliingia jikoni pekupeku. Mama ndiye aliyetufundisha: viatu vya zizini havikanyagi sakafu ya chakula. Asubuhi ya kwanza dada akagusa mpini, akarudisha mkono, akanitazama. Nikagusa na mimi. Kofi, palepale katikati ya kiganja. Nywele zilinisimama, na mimi si mwoga.

"Ni mama," dada akasema. "Tumemwacha peke yake porini."

Nikasema tumwite fundi. Akasema fundi atamfukuza. Kesho yake akaja na uji wa wimbi kwenye kibuyu, akaumwaga mbele ya oveni, akasimama humo kwa miguu mitupu. "Mama, huyu niachie," akaomba, akashika mpini.

Mkono haukuachia. Mdomo ulikuwa wazi na sauti haitoki. Nilikimbia nje nikazima jenereta ya hospitali. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye uji, ameshika tumbo. Tukaweka mikono yote minne pale, tukangoja, mpaka mtoto akapiga teke.

Fundi aliporudi nilimtukana kwa Kikurya kwanza, kisha kwa Kiswahili ili aelewe. Akakiri kwamba umeme uliovuja ulitafuta ardhi, ukapita kwenye nyayo zetu, na uji ukaufungulia njia. Yeye mabuti yalimkinga. Akavuta waya mpya wa kijani hadi kwenye chuma alichokipigilia ardhini nje.

Jenereta ikawashwa. Kabla sijamzuia, dada alikuwa amevua viatu nilivyomlazimisha kuvaa na kushika mpini. Akangoja. Akabadilisha mkono, akangoja tena.

"Hayupo," akasema, akaanza kulia, yeye ambaye siku ya mazishi hakutoa hata chozi.